Meneja wa Tawi

Kikao cha ukoo wa marehemu Mzee Kaijage kilifanyika Jumapili baada ya misa, kama kawaida, na kama kawaida Dativa alikihudhuria akiwa jikoni kwake Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm, Sweden, juu amevaa blauzi ya kitenge na hereni, chini suruali ya kulalia, kwa kuwa kamera ya simu haioni chini ya meza. Simu aliiegemeza kwenye kopo la sukari. Upande wa pili, Bukoba, walikuwa wamejaa sebuleni kwa kaka yake mkubwa, Deusdedit. Mdogo wao, Theresia, ndiye aliyeshika simu, akaizungusha polepole ili Dativa awasalimie wote: mawifi, binamu, na Ma Concessa, shangazi yao mzee, ambaye kila Jumapili aliuliza kama huko Ulaya wameshakula.

"Tumekula, Ma," Dativa alijibu. Hakuwa amekula, na hakukuwa na "tu" yoyote. Binti yake Pearl alikuwa bado amelala, na baba yake Pearl, Erukana, alikuwa amerudi Kampala kuzeeka na hakuonyesha dalili ya kurudi.

Jambo la siku hiyo lilikuwa moja. Kampuni ya familia, Kaijage na Wana, inayokausha na kuuza vanila, ilikuwa imepata mnunuzi Stockholm, bwana mmoja mwenye kiwanda cha mikate na keki. Alikuwa ameinusa vanila yao, akaipenda, lakini hakutaka kununua kwa watu asiowaona. Alitaka kampuni isajiliwe Sweden, iwe na namba yake na anwani yake, na awepo mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Sheria nayo ilisema kampuni ya nje ikitaka kufanya biashara hapa kwa jina lake yenyewe, ifungue tawi na itaje meneja wa hilo tawi. Mnunuzi aliwapa hadi mwisho wa Septemba. Wakishindwa, angerudi kwa wauzaji wake wa Madagaska.

Huyo mnunuzi alitafutwa na Dativa. Vanila zilizonuswa zilibebwa na Dativa, ndani ya mkoba wake wa kazini, siku zake za mapumziko, kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa treni na basi. Kwenye mapokezi mengine walidhani amekuja kuomba kazi ya usafi, wakamwelekeza mlango wa nyuma. Kwenye kikao kila mtu aliyajua hayo, na kila mtu alijua pia kwamba mgongo wa Dativa umechoka kunyanyua wagonjwa, na kwamba kazi ya meneja, yenye mshahara mdogo wa kuanzia, ingemwezesha kupunguza zamu hospitalini nusu kwa nusu.

"Sasa, dada," Deusdedit alisema, akijiweka sawa kwenye kiti, "huyo meneja wa tawi atakuwa nani?"

Hapa inabidi msomaji aelezwe jinsi watoto wa Mzee Kaijage walivyolelewa. Nyumbani kwao mtu hajipakulii. Chakula kizuri kikija, unamsogezea mwenzako, naye anakurudishia, "Hapana, kula wewe," unamsogezea tena, anakurudishia tena, na aliyestahili tangu mwanzo ndiye anayekila mwishoni, akiwa amelazimishwa. Mtu anayesema "kinanifaa mimi" anaonekana hakulelewa. Dativa alikuwa ameishi Sweden zaidi ya nusu ya maisha yake, na siku zote kwenye mikutano ya kazini alishangaa wenzake wanavyoinua mkono na kusema, "Hiyo naitaka mimi." Lakini hiki kilikuwa kikao cha kwao. Akafanya inavyofanywa.

"Kaka, mkubwa wetu ni wewe," alisema. "Kampuni ni ya baba, na kwenye kiti cha baba umekaa wewe. Jina lako ndilo litakalopendeza. Mimi nitakuwa nasaidia tu."

Akanyamaza, akingoja arudishiwe. Jibu lake alikuwa ameshaliandaa tangu Jumatano, wakati anapiga pasi: "Basi, kama mmenilazimisha, nitajitahidi." Alikuwa ameamua hata atatabasamu kiasi gani.

Deusdedit alitazama chini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Asante sana, dada," alisema. "Mmesikia wenyewe. Nimepokea kwa mikono miwili."

Mawifi walipiga vigelegele. Ma Concessa aliuliza kuna nini, akaambiwa, naye akapiga chake chembamba. Dativa aliona mikono yake mwenyewe kwenye kona ya kioo cha simu ikipiga makofi. Kikao kikafungwa kwa sala, simu ikazimika, na jikoni pakabaki na mlio wa friji.

*

Cliff alikuwa Mkenya mnene, mcheshi, mwenye kuandikia watu hesabu na maombi yao katika chumba kidogo cha kukodi Kista, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya pili, karibu na duka moja kubwa. Alikuwa na nyaraka zote mezani: cheti cha usajili kutoka Tanzania, katiba ya kampuni, tafsiri zilizogongwa mihuri. Yote hayo Dativa aliyafukuzia kwa miezi na kuyalipia kwa kadi yake.

"Mama Pearl, karibu, karibu," Cliff alisema. "Leo tunamaliza hii kitu. Nilikuwa nimeshaanza kujaza, ona." Aligeuza kompyuta. Kwenye nafasi ya meneja wa tawi palikuwa pameandikwa jina zima la Dativa, lile la ubatizo na lile la baba yake, kwa herufi nyeusi zilizosimama wima.

Dativa alilitazama. Hakuwahi kuliona mahali pa namna hiyo.

"Badilisha," alisema. "Meneja ni kaka yangu, Deusdedit."

"Yule wa Bukoba?"

"Ndiye mkubwa."

"Lakini si wewe ndiye uko hapa? Si wewe ndiye umetafuta soko?"

"Cliff, mwanangu, familia imeshaamua."

Cliff aliinua mabega. Alibonyeza kitufe, na jina likaanza kuliwa kutoka nyuma, herufi moja moja, hadi pakabaki peupe. Dativa alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Sasa kuna kitu kimoja," Cliff alisema akiendelea kuandika. "Meneja kama hakai hapa Sweden, serikali inataka mtu anayekaa hapa awe wa kupokea barua zake. Kodi, korti, chochote. Wanaleta kwa huyo, halafu huyo anampelekea mwenyewe. Nikuweke wewe hapo?"

"Huyo anafanya nini kingine?"

"Hakuna. Anapokea barua tu."

"Hawezi kutia saini kwa mnunuzi?"

"Hapana. Hiyo ni ya meneja."

"Na mshahara?"

Cliff alicheka, halafu akaona usoni mwa Dativa kwamba halikuwa swali la kucheka. "Pole, Mama Pearl. Kwa kupokea barua, kampuni hazilipi kitu. Ni kama kusaidiana tu."

"Niweke," alisema Dativa.

Kilichobaki kilikuwa saini yake. Bila saini ya mpokea barua, ombi lisingeweza kutumwa. Dativa aliomba aende na fomu nyumbani kwanza, aisome vizuri, na Cliff akamwambia asome, ila mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo majibu hayatatoka ndani ya Septemba.

Chini, kwenye benchi la ndani ya duka, alikuwa akimsubiri Mastula, rafiki yake Mganda aliyesafisha ofisi za kompyuta hapo Kista na ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha. Mastula alikuwa amenunua vikombe viwili vya chai na andazi moja la mdalasini, amelikata katikati kwa kijiko.

"Meneja!" Mastula aliita kwa sauti, watu wakageuka. "Kuja ukae hapa meneja wangu."

"Siyo mimi," alisema Dativa, akaketi. Akamwambia yote.

Mastula alisikiliza huku ameshika kikombe bila kunywa. "Sasa yeye ako Bukoba, atameneja nini ya Stockholm?"

"Nilimpa mwenyewe."

"Ulimpa kwa mdomo. Na yeye ni mtu mzima, hajui hiyo ni heshima tu? Hata sisi kwetu Uganda mtu akikuambia 'kula hii nyama yangu', haumalizi!" Alimsogezea nusu ya andazi. "Mpigie. Mwambie, ssebo, bwana mkubwa, mimi nilikuwa nakuheshimu tu, rudisha kitu changu."

"Huwezi kumwambia mtu hivyo, Mastula. Mbele ya ukoo mzima amepigiwa vigelegele."

"Basi umeisha," alisema Mastula. Kisha akajuta, akamshika mkono. Dativa alirudisha ile nusu ya andazi kwenye kisahani, akasema hana njaa, na Mastula akaisukuma tena upande wake, na Dativa akairudisha. Mwishowe Mastula aliifunga kwenye tishu, akaitia kwenye mkoba wa rafiki yake bila kumuuliza.

*

Kosa jingine la Dativa lilitokana na furaha. Mwezi mzima uliotangulia alikuwa amewaambia wenzake kazini. Alikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya wazee kwenye hospitali kubwa ya Flemingsberg, mwendo wa treni moja ndefu kutoka Väsby, kuukata mji wote kutoka kaskazini hadi kusini. Huko watu walimjua kwa jina la kwanza lililoandikwa kwenye kadi ya kifuani, na zaidi ya hapo hakuna aliyemuuliza kitu, si kwa ubaya, ni desturi ya mahali. Ila siku aliyosema wakati wa kahawa kwamba atakuwa meneja wa kampuni, vichwa viliinuka. Waliuliza maswali. Vanila inaoteshwaje? Bukoba ni wapi? Mmoja alitafuta ziwa kwenye simu. Dativa aliwaeleza jinsi ua la vanila linavyochavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine, asubuhi, kabla halijafumba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinuka kwenda kuosha kikombe chake kabla hajamaliza kusema.

Sasa kila alipoingia, walimwita mkurugenzi, kwa Kiswidi, kwa upendo.

"Na, direktören? Wamekubali ombi lenu?"

"Bado kidogo," alijibu, akainamia kitanda kumgeuza mzee aliyekuwa mzito kuliko jana. Mgongo ukauma pale pale unapouma. Mkuu wa wodi, mama mpole, alimfuata koridoni akamuuliza ile nusu ya zamu anataka ianze lini, maana ratiba ya vuli lazima ifungwe na amepata kijana wa kuichukua. Dativa alisema atamjibu. Alijua kabisa jibu, ila alirudi wodini.

Njiani kurudi alikaa dirishani. Kila kituo watu walishuka na wengine wakapanda, na kiti cha pembeni yake kilikaa kitupu hadi Väsby, kama kinavyokaa mara nyingi, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Alikuwa amezoea, au alijisemea hivyo. Siku hiyo hakuwa amezoea. Alitaka sana mtu akae pale.

Nyumbani Pearl alikuwa anakaanga mayai. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, msichana mwema, mrefu, anayesikia Kiswahili chote na kujibu Kiswidi chote.

"Har du skrivit på?" aliuliza. Alikuwa ameiona ile karatasi mezani, na nafasi ya saini bado nyeupe.

"Sijasaini."

Pearl aligeuza yai. Akasema, bado kwa Kiswidi, kwamba hili jambo ni rahisi: anampigia mjomba anamwambia anaitaka hiyo kazi. Watu hufanya hivyo.

"Watu gani?" aliuliza Dativa.

"Vanligt folk, mamma."

"Watu wa kawaida! Sisi siyo watu wa kawaida?" Alivua viatu kwa hasira, kimoja kikaangukia mbali. "Mimi nikimwambia mjomba wako hivyo, nitakuwa nimemvua nguo. Yeye ndiye aliyenipeleka shule, wewe hujui. Alinibeba begani kuvuka mto, mvua inanyesha, ili daftari zangu zisilowe. Halafu leo nimwambie nipe?"

Pearl alizima jiko. Halafu, polepole, kama mtu anayekanyaga mahali asipopajua, alisema kwa Kiswahili: "Lakini wewe unalia, mama."

Ilikuwa kweli. Dativa alijifuta kwa mtandio, akaomba apewe yai.

*

Deusdedit alipiga Jumatano alasiri, peke yake, bila kikao. Dativa alikuwa zamu ya asubuhi, amerudi, ameketi mezani na Pearl. Aliweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Dada, habari za huko!" Kaka alikuwa amechangamka. Alikuwa mjini, pikipiki zilipita nyuma yake. "Nimetoka kwa fundi, nashonesha suti. Na kadi nimeshachapisha, zimeandikwa Meneja, Tawi la Sweden. Jana kwenye harusi nilimpa padre moja, akaisoma mara mbili. Sasa nilikuwa nakuomba, hebu nipigie picha ya huo mtaa wenu, ile barabara, na jengo, niwe nawaonyesha watu tawi lilipo."

Dativa alitazama dirishani. Mtaa wao ulikuwa na maegesho ya magari, na pipa la kutupia chupa.

"Kaka," alisema.

"Naam."

"Sijatia saini."

"Saini ipi?"

"Ya kupokea barua zako."

"Mbona? Kuna shida?"

Unga ulikuwa unakauka kwenye vidole vyake. Pearl alikuwa amesimamisha kijiko. Dativa alisikia sauti yake ikitoka nyembamba, sauti ya msichana, na akaiacha itoke.

"Kaka, siku ile mimi nilikuheshimu tu. Nilitaka uniambie hapana. Nilitaka uniambie, dada, kaa wewe, wewe ndiye uliyehangaika. Nilingoja. Nilikuwa nimeshaandaa cha kujibu."

Pikipiki ilipita. Nyingine ikapita. Dativa alidhani simu imekatika.

"Nilijua," alisema Deusdedit.

"Ulijua?"

"Dativa, mimi nimelelewa nyumba gani? Nilijua ulipofungua mdomo tu." Uchangamfu ulikuwa umemtoka wote. Ilionekana amesogea pembeni, maana kelele zilipungua. "Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa hapa kooni. Halafu nikawatazama pale sebuleni. Bati la ile nyumba ni lako. Viti walivyokalia ni vyako. Ile mashine ya kukaushia, yako. Nikipita sokoni wanasema yule anatunzwa na dada yake. Hawasemi kwa siri. Mimi ni mkubwa wenu, nina miaka sitini na ngapi sasa, na sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu hawezi kusema kimetoka kwa Dativa. Hata hiki kimetoka kwako, ndiyo. Lakini kingekuwa na jina langu."

"Na mimi?" aliuliza Dativa.

"Wewe una Ulaya."

"Nina Ulaya!" Alicheka, na kilikuwa kicheko kibaya, Pearl aliweka kijiko chini. "Kaka, wewe ukitoka mlangoni watu wanajua wewe ni nani na baba yako ni nani. Mimi hapa mtu anayetaka kuniita anainama kusoma jina kwenye kifua changu. Siku nikianguka kwenye treni watatafuta kadi kwanza ndipo wajue wamwite nani. Nilitaka mahali pamoja tu pameandikwa kwamba mimi ni mtu fulani. Mgongo unaniuma, ndiyo, na pesa nazihitaji, lakini siyo hizo. Nilitaka hilo."

Dativa alimsikia anapumua, pumzi nzito ya mtu aliyepanda mlima wa Bukoba kwa miguu. Alimpenda sana wakati ule. Alimwona akilini amesimama kwenye kivuli cha duka fulani, mzee, amevaa shati alilomtumia Krismasi.

"Basi," alisema Deusdedit hatimaye, taratibu, kwa sauti ya kikao. "Kama umeona hivyo, dada, mimi natoka. Chukua wewe. Mimi ni nani? Mtu wa huku huku tu. Suti nitavaa kanisani. Nitakaa kesho niandike barua ya kukuteua wewe."

Mtoto yeyote wa Mzee Kaijage alijua kinachofuata. Kwenye hiyo sauti, na kwenye hayo "mimi ni nani", kulikuwa na nafasi iliyoachwa wazi kabisa, nayo ilikuwa na jibu moja. Hapana, kaka. Yameisha. Nilikuwa natoa tu dukuduku, kaa nayo wewe, ndiwe mkubwa wetu. Kisha yeye angekataa mara moja, Dativa angesisitiza, wangecheka, na mambo yangerudi mahali pake. Wangependana hadi kufa. Dativa alikuwa na hilo jibu mdomoni, lote, limekamilika, angelisema hata usingizini.

Alitazama karatasi iliyokuwa mezani, na pembeni yake vidole vyake vyenye unga.

"Asante, kaka," alisema. "Nakubali. Iandike kesho, tafadhali, maana Cliff anaitaka kabla ya Ijumaa."

Hapakuwa na pikipiki sasa.

"Haya," alisema Deusdedit.

Akangoja kidogo. Dativa naye akangoja. Kila mmoja alisikia mwenzake bado yupo.

"Haya, sawa," alisema tena, na akakata. Hakumwambia msalimie Pearl, jambo ambalo hakuwa amewahi kulisahau.

Pearl aliinuka, akamzunguka mama yake akamkumbatia kwa nyuma. "Bra, mamma," alisema kwenye shingo yake, yaani vizuri, mama. Alijivunia kweli, na hakuelewa kwa nini mama yake amekaa mgumu namna ile, mikono imeinuliwa juu ya meza ili isichafue chochote.

*

Barua ilikuja Alhamisi asubuhi, imepigwa picha sawasawa, na mhuri wa kampuni umekaa pale unapotakiwa. Cliff alisema hajawahi kuona nyaraka kutoka nyumbani zikija haraka hivyo bila kosa. Aliandika upya jina la Dativa pale lilipokuwa, akauliza kama anataka kulipiga picha, na Dativa akasema hapana.

Usajili ulikubaliwa kabla Septemba haijaisha. Mnunuzi aliagiza mzigo wa kwanza. Kazini walimletea keki yenye bendera ndogo ya karatasi, wakaimba, na mkuu wa wodi akaweka jina la yule kijana kwenye nusu ya zamu zake. Mgongo ulipata nafuu. Siku za biashara alivaa koti la sufu alilolinunua kwa punguzo, akaenda kiwandani, na pale mapokezi sasa walimwelekeza mlango wa mbele. Haya yote yalikuwa mema na Dativa hakuyakana.

Jumapili ya kwanza alivaa blauzi ya kitenge na hereni, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Misa ya Bukoba ilikuwa imekwisha zamani. Alisubiri mpaka chai ikapoa, akaimwaga, akapika nyingine. Ya pili hakuvaa hereni. Alimwandikia Theresia, na Theresia, ambaye hakuwahi kuwa na siri, alichelewa kujibu.

"Dada pole," aliandika. "Kaka amesema siku hizi tutakuwa tunaongea wenyewe kwanza, halafu mambo ya kampuni utaletewa taarifa rasmi. Amesema wewe sasa una majukumu. Ma Concessa anauliza kama mmekula."

Taarifa rasmi ilifika wiki iliyofuata. Ilikuwa imechapwa. Ilianza, "Ndugu Meneja," na kueleza idadi ya maboksi, siku ya kusafirishwa na hali ya mvua, bila kosa hata moja, na ilimalizika, "Wako katika ujenzi wa kampuni, D. Kaijage, Mwenyekiti." Dativa aliisoma mara kadhaa akitafuta neno moja la nyumbani, hata la kumsema vibaya. Halikuwemo.

Oktoba ilipofika katikati, giza likianza kuja mapema, aliketi mezani siku moja baada ya chakula akiwa na simu mkononi. Pearl alikuwa kwenye kochi, miguu juu, anasomea mtihani. Dativa aliandika ujumbe mrefu kwa kaka yake, akaufuta. Akaandika mwingine wa kuomba radhi, kisha akaona hajui anaomba radhi ya nini hasa, kwa sababu angeulizwa tena leo angejibu vile vile, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akaufuta na huo. Mwishowe aliandika maneno mawili tu.

"Kaka, hujambo?"

Alituma. Alama zikawa za buluu papo hapo, kumbe naye alikuwa ameshika simu. Juu pakaandikwa kwamba anaandika. Pakaacha. Pakaandikwa tena. Dativa aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu juu yake. Anaandika, anaacha, anaandika.

Simu ikalia kidogo.

"Sijambo, Meneja. Asante."

Alingoja kama kuna kingine. Hapakuwa na kingine, na juu pakawa pamenyamaza.

"Vem var det?" Pearl aliuliza bila kuinua macho kwenye kitabu. Nani huyo?

Dativa aliigeuza simu, akailaza kifudifudi mezani.

"Ni mtu wa kazini," alisema.